Mafunzo ya Kazi Baada ya Kuhitimu kwa Visa ya J-1: Maswali ya Wanafunzi na Wazazi wa Lamu na Malindi

Majibu haya ni ya vijana wa Lamu, Malindi, Pate, Faza na Watamu waliopata nafasi ya kusoma Marekani kwa visa ya mabadilishano, na ni ya wazazi wao pia, kwa sababu maamuzi mengi ya huko hufanyiwa huku barazani kwa simu. Maswali haya hurudi kila mwaka inapokaribia Mei, msimu wa mahafali katika vyuo vya kule.

Ukilishika jambo moja, kanuni nyingi zitakuelea zenyewe: sheria ya Marekani inayahesabu mafunzo haya, yaani kazi ya fani yako unayoruhusiwa kuifanya kule, kuwa sehemu ya masomo. Haiyahesabu kuwa ajira. Ndiyo maana chuo ndicho kinachotoa ruhusa, ndiyo maana kazi lazima ifanane na ulichosomea, na ndiyo maana muda wake umepimwa kwa urefu wa masomo yako.

Nitajuaje kama kanuni hizi zinanihusu?

Tazama visa yako na fomu uliyopewa. Mwenye visa ya J-1 ana fomu ya DS-2019. Mwenye visa ya F-1 ana fomu ya I-20, na njia yake ni nyingine kabisa: anaomba ruhusa kwa idara ya uhamiaji kwa fomu ya I-765, analipa ada, anangoja kadi ya kazi, na anapata miezi 12, akiongezewa 24 kama amesomea sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati. Wanafunzi wawili wa darasa moja, waliopanga chumba kimoja, wanaweza kuwa na kanuni mbili tofauti. Ushauri mwingi unaopotosha watoto wetu unatoka hapa: rafiki wa F-1 anamweleza wa J-1 yaliyomfaa yeye, kwa nia njema, na mwenziwe anakosa tarehe.

Kwa kawaida J-1 ya digrii hupewa yule ambaye sehemu kubwa ya gharama zake inalipwa na serikali, chuo chenyewe au shirika, si na mfuko wa familia. Vijana wengi wa kwetu wanaokwenda kwa ufadhili huangukia hapa.

Kwenye DS-2019 angalia sehemu tatu. Sehemu ya 2 ina jina la mdhamini wa programu, yaani chuo au shirika lililokutolea fomu hiyo. Sehemu ya 3 ina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Sehemu ya 4 inasema wewe ni mwanafunzi wa aina gani na unasomea nini. Hizo tatu ndizo zitakazoamua karibu kila kitu kinachofuata.

Nani anatoa ruhusa? Kuna mtu Mombasa anasema anaweza kunitafutia "kadi ya kazi ya J-1".

Mwanafunzi wa J-1 anayefanya mafunzo hana kadi ya kazi. Haipo. Ruhusa ni barua inayotolewa na ofisa wa programu wa mdhamini wako, pamoja na DS-2019 mpya yenye tarehe zilizosogezwa mbele na taarifa iliyoingizwa kwenye SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni. Serikali ya Marekani haitozi ada ya maombi kwa ruhusa hii. Kwa hiyo mtu anayekuuzia kadi anakuuzia kitu kisichokuwepo, na mzazi aliyeuza kiwanja au ng'ombe ili amlipe hatapata chochote.

Mdhamini huwa ni chuo chenyewe, lakini si kila mara. Mwenye ufadhili wa Fulbright, kwa mfano, mdhamini wake si chuo anachosoma. Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo itamsikiliza vizuri, itamshauri, lakini sahihi inayohitajika iko kwingine. Soma sehemu ya 2 ya fomu kabla ya kubisha hodi popote.

Ni muda gani naruhusiwa?

Upeo ni miezi 18, au urefu wa masomo yako kule, ule ulio mfupi kati ya hiyo miwili.

Aliyesoma shahada ya kwanza kwa miaka minne anapata 18, hapati 48. Aliyesoma uzamili wa miezi 12 anapata 12. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, aliyekwenda Marekani kwa muhula mmoja wa miezi minne na digrii yake inatolewa huku nyumbani, naye ana haki ya mafunzo, lakini hayazidi ile miezi minne. Aliyemaliza udaktari wa falsafa anaweza kufika miezi 36, bado kwa sharti lile lile la kutozidi urefu wa masomo yake.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo watu wanapopunjika bila kujua. Mafunzo uliyofanya kabla ya kuhitimu yanakatwa kwenye hesabu hiyo hiyo. Ukifanya atachimenti ya miezi mitatu wakati wa likizo ya kiangazi baada ya mwaka wa pili, umebakiwa na 15. Na saa chache hazikuokoi: miezi mitatu ya saa kumi kwa wiki inahesabiwa sawa na miezi mitatu ya kazi ya kutwa. Mimi nisingemkataza mtu kufanya atachimenti mapema, kwa sababu mara nyingi ndiyo inayomfungulia mlango wa ofa baadaye. Lakini afanye akijua amekata kiasi gani, na asikubali vibarua vya saa tano kwa wiki vinavyomla miezi yake bila kumfunza kitu.

Kazi ya ndani ya chuo, kama ile ya maktaba au mkahawa wa wanafunzi isiyozidi saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, ni ruhusa nyingine. Haigusi hesabu hii.

Niombe lini?

Kabla. Ofa ya kazi kwa maandishi lazima imfikie mdhamini kabla hujamaliza masomo, ruhusa itoke kabla DS-2019 yako haijaisha, na mafunzo yaanze si zaidi ya siku 30 baada ya kumaliza masomo. Tarehe ya DS-2019 ikishapita, ofisa hana tena kitu cha kuongeza muda. Hata akikupenda vipi, mkono wake umefungwa.

Kumaliza masomo ni ile siku ambayo masharti ya digrii yametimia, mara nyingi mwisho wa muhula wa mwisho. Siku ya joho na picha huweza kuwa wiki kadhaa baadaye. Mwanafunzi anayemaliza Desemba na kungoja mahafali ya Mei hana mpaka Mei. Anayo siku 30.

Njia ninayowashauri vijana ni hii. Mwaka mmoja kabla ya mwisho, nenda kwa ofisa wako umuulize masharti ya mdhamini huyo, kwa sababu kila mdhamini ana fomu zake na anataka apewe wiki kadhaa za kushughulikia. Muhula wa kabla ya mwisho uwe wa kutafuta nafasi. Miezi miwili kabla ya tarehe ya DS-2019, barua ya ofa iwe mkononi. Mwenye ufadhili ana mtego wake: yuko radhi, analipiwa, hana presha ya pesa, na hakuna anayemkumbusha mpaka Aprili.

Ni karatasi zipi zinazotakiwa?

Mbili ndizo nguzo. Ya kwanza ni barua ya mwajiri: jina la nafasi, mahali, tarehe ya kuanza na kuisha, saa kwa wiki, malipo kama yapo, jina na anwani ya atakayekusimamia.

Ya pili ni barua ya mkuu wa kitivo au mshauri wako wa masomo, na hii ndiyo ngumu. Profesa anatakiwa aeleze malengo ya mafunzo, jinsi yanavyohusiana na fani yako, na kwa nini ni sehemu muhimu ya masomo yako. Profesa mwenye wanafunzi 200 hataandika vizuri kuhusu mtu asiyemjua. Basi mwendee mapema na mpe karatasi moja uliyoiandika mwenyewe: nilisoma somo gani kwako, kazi hii itatumia nini katika somo hilo, nitajifunza nini ambacho darasani hakikuwepo. Kwetu tumelelewa kutomsumbua mwalimu. Kule kumwendea mwalimu ofisini ni sehemu ya kusoma, na saa zake za kupokea wanafunzi zimeandikwa mlangoni.

Ongeza ushahidi kwamba utaweza kujikimu na kulipa bima, na kwamba hali yako ya masomo ni nzuri. Mdhamini pia atataka tathmini ya mafunzo, kwa hiyo weka kumbukumbu tangu wiki ya kwanza.

Mwanangu amesomea biolojia ya bahari. Binamu yake aliyeko Minneapolis anasema kwenye ghala lao kuna kazi nzuri. Kwa nini asifanye hiyo kwanza?

Mzazi mwenzangu, kwa sababu hiyo kazi itamfukuzisha.

Naelewa kinachokusukuma. Umekaa miaka minne ukingoja, ada za wadogo zake zinakukabili, na kule dola ya ghala ni dola sawasawa na ya maabara. Lakini sheria haiangalii mshahara, inaangalia fani. Kazi inayoruhusiwa ni ile inayohusiana moja kwa moja na somo kuu lililoandikwa kwenye DS-2019, na kwa mwajiri aliyetajwa kwenye ruhusa. Kufanya kazi bila ruhusa ni sababu ya mdhamini kuifunga programu yake. Programu ikifungwa hivyo, siku 30 ambazo mwanafunzi hupewa baada ya programu kuisha ili ajipange kuondoka hazipo, na jambo hilo humfuata kila atakapoomba visa tena. Ni vivyo hivyo kwa kuendesha teksi za programu ya simu jioni, kusuka watu nywele kwa malipo, au kupika biriani na kuuza kwa Waswahili wenzake wikendi. Kwetu hivyo ni bidii. Kwa visa yake ni kosa.

Aliyesomea biolojia ya bahari anaweza kufanya mafunzo katika akwariamu, maabara ya ubora wa maji, kituo cha kulinda kasa, idara ya uvuvi ya jimbo, kampuni ya ushauri wa mazingira. Hayo yote yana maana Malindi, penye hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968, na Watamu ambako kasa hutaga. Aliyesomea usanifu majengo au uhifadhi wa kale anaweza kwenda kwa wakarabati wa majengo ya mawe. Kuna kazi ya maisha mazima inamngoja katika Mji wa Kale wa Lamu, ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, ambako kuta za matumbawe na boriti za mikoko zinahitaji watu wanaojua kwa nini saruji huziharibu. Wa usafirishaji na uchukuzi atazame bandari za kule, kisha akumbuke bandari ya Lamu pale Kililana, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Wa uhandisi wa anga asisahau kwamba Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitalia walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco tangu miaka ya 1960, na kituo kingalipo.

Mshike mwanao mkono katika hili. Neno la mama linalosema "tulia, tafuta inayofanana na ulichosoma, sisi tutavumilia" linamsaidia kijana kuliko hundi yoyote ya ghala.

Je, mafunzo yasiyo na mshahara yanakubalika?

Sheria inaruhusu yenye malipo na yasiyo na malipo. Ila lazima uonyeshe utakula nini, utalala wapi na bima utailipaje, na wapo wadhamini wanaotaka mafunzo ya baada ya kuhitimu yawe ya malipo. Kama familia ndiyo itakayobeba gharama, kaeni chini mpige hesabu ya kodi ya nyumba ya mji huo kabla hajakubali.

Nikipoteza kazi, au nikipata nyingine bora?

Ruhusa imefungwa kwa mwajiri mmoja, mahali pamoja, tarehe fulani. Ukitaka kubadilisha, unamwendea ofisa kwanza, na barua mpya za mwajiri na mshauri, na huanzi kazi mpya mpaka ruhusa mpya itoke. Ukifukuzwa au kampuni ikifungwa, mwambie ofisa siku hiyo hiyo. Wa F-1 ana siku 90 za kukaa bila kazi. Wa J-1 hana akiba kama hiyo: mafunzo yakiisha, sababu ya kukaa imeisha. Ukihama nyumba, toa anwani mpya kwa mdhamini ndani ya siku 10.

Bima ya chuo si inaendelea?

Mara nyingi inakoma ukihitimu, na hapo ndipo pengo linapotokea. Mwenye J-1 analazimika kuwa na bima siku zote za programu, mafunzo yakiwemo: angalau dola 100,000 za matibabu kwa kila ajali au ugonjwa, dola 50,000 za kusafirishwa kimatibabu, dola 25,000 za kurejesha maiti nyumbani, na kiasi unachotoa mfukoni mwako kisizidi dola 500 kwa kila ajali au ugonjwa. Mtu akiachia bima kwa makusudi, mdhamini anatakiwa aifunge programu yake. Bima ya mwajiri inaweza kufaa, lakini angalia kama ina vile vipengele viwili vya kusafirisha, maana bima za waajiri wengi hazina, ukalazimika kununua ya nyongeza. Kadi ya SHA ya huku haitoshi.

Najua kutaja maiti kunamtia mzazi baridi. Lakini wangapi pwani hii wamechangisha harambee msikitini na katika vikundi vya simu ili mtoto arudishwe azikwe kwao? Kipengele hicho kiko pale kwa ajili ya siku kama hiyo. Kisome.

Kodi wananikata kiasi gani?

Kwanza unahitaji namba ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii ya Marekani. Kama uliwahi kufanya kazi chuoni, ni ile ile ya maisha. Kama huna, unaiomba ukiwa na pasipoti, DS-2019, rekodi ya I-94 ya kuingia nchini na barua ya mdhamini.

Mwanafunzi wa J-1, katika miaka mitano ya kwanza ya kalenda, kwa kawaida huhesabiwa kuwa si mkaazi kwa mambo ya kodi. Faida yake ni kwamba hakatwi kodi ya Social Security wala ya Medicare, bima ya matibabu ya wazee, ambazo kwa pamoja ni asilimia 7.65 ya mshahara. Waajiri wadogo hawaijui kanuni hii na hukata. Tazama stakabadhi yako ya mshahara ya kwanza kabisa. Ukikuta wamekata, waombe kwa upole warudishe. Wakishindwa, idara ya kodi ina fomu ya 843 ya kudai.

Kodi ya mapato ya serikali kuu unalipa, na ya jimbo kama jimbo lako linayo. Kenya na Marekani hazina mkataba wa kodi ya mapato, kwa hiyo ule msamaha anaoutaja rafiki yako wa nchi nyingine wewe huna. Hesabu zinapelekwa kwa fomu ya 1040-NR ifikapo 15 Aprili, pamoja na fomu ya 8843, na usitumie programu za kodi za raia, zitakujazia fomu ya mkaazi.

Dada yangu anaolewa Shela. Naweza kuja nyumbani kati ya kumaliza chuo na kuanza mafunzo?

Unaweza, kama mambo matatu yako tayari kabla hujapanda ndege: ruhusa ya mafunzo imetoka, DS-2019 mpya unayo na ofisa ameitia sahihi ya safari, na visa iliyo kwenye pasipoti haijaisha. Visa ni ya kuingilia tu. Unaweza kukaa Marekani nayo imeisha alimradi DS-2019 iko hai, lakini ukitoka lazima upate nyingine ubalozini Nairobi kabla ya kurudi. Hapo hesabu si ya harusi ya siku tatu tena. Ni ya miadi ya Gigiri, usaili, kungoja pasipoti, huku mwajiri anauliza uko wapi.

Jambo la hatari kabisa ni kutoka katika zile siku 30 za baada ya programu kuisha, bila ruhusa ya mafunzo. Siku hizo ni za kufunga mizigo na kutembea ndani ya nchi. Ukitoka, huwezi kuingia tena kwa fomu hiyo. Ningekuwa mimi na visa imeisha, ningemwomba dada radhi, nikamtumia zawadi, na kuja baada ya mafunzo.

Naweza kuwapigia chuo mwenyewe niulize habari za mwanangu?

Hawatakujibu, na si kwa kukudharau. Sheria ya mwaka 1974 ya faragha ya wanafunzi inawakataza kutoa habari za mwanafunzi wa chuo kikuu kwa mtu mwingine bila idhini yake, mzazi akiwemo. Kaa naye kwa simu ya picha, akusomee DS-2019 yake sehemu moja moja. Na kwa anayepiga kutoka huku kwenda majimbo ya mashariki: kuanzia Machi hadi mwanzo wa Novemba, saa kumi jioni ya Lamu ni saa tatu asubuhi ya New York. Miezi mingine ni saa kumi na moja jioni.

Mke au mume anaruhusiwa kufanya kazi?

Aliyekuja kwa visa ya J-2 anaweza kuomba ruhusa ya kazi kwa idara ya uhamiaji, kwa fomu ya I-765, na huyu ndiye atakayepewa kadi. Pato lake lisiwe la kumkimu mwenye J-1. Muda wake unakwenda na wa mwenziwe.

Binti yangu yuko katika programu ya YES, anasoma sekondari kule. Naye atapata mafunzo haya?

Hapana. YES ni J-1 ya sekondari, na kanuni zake ni nyingine. Anaruhusiwa vikazi vya hapa na pale kama kulea mtoto wa jirani jioni moja au kufyeka majani uani. Mwaka ukiisha anarudi kumaliza shule.

Nimeambiwa nitalazimika kukaa Kenya miaka miwili. Ni kweli?

Kwa wengine ni kweli, kwa wengine si kweli, na ni lazima ujue wewe uko upande gani kabla hujapanga maisha. Kifungu cha 212(e) cha sheria ya uhamiaji humbana mwenye J-1 ambaye programu yake ililipiwa, yote au sehemu, na serikali ya Marekani au ya nchi yake, au ambaye fani yake iko kwenye orodha ya ujuzi unaohitajika nchini kwake, au aliyekwenda kwa mafunzo ya juu ya udaktari wa tiba. Orodha hiyo ya ujuzi ilifanyiwa marekebisho Desemba 2024. Tazama visa yako na DS-2019, kwa kawaida imeandikwa kama kifungu kinakuhusu. Pakiwa na utata, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa maoni rasmi ukiiomba.

Anayebanwa hawezi kupata visa ya kazi ya H au ya L, wala ukaazi wa kudumu, mpaka awe amekaa nchini kwake jumla ya miaka miwili. Mafunzo yenyewe hayazuiwi: unaweza kuyafanya kwa miezi yote 18, kisha miaka miwili ikaanza kuhesabiwa ukirudi.

Kwa watu wa pwani kuna la kuangaliwa sana. Wengi wetu tuna ndugu Dubai, Muscat na Jeddah, na kijana akirudi na digrii ya Marekani ofa ya kwanza nzuri mara nyingi inatoka huko. Aende kama anataka, ni rizki yake. Lakini siku za Dubai hazihesabiwi hata moja. Miaka miwili ni ya kuwepo Kenya kwa mwili, na pasipoti zina mihuri. Mwenye kutaka kurudi Marekani siku moja kwa kazi aanze na Kenya.

Si inawezekana kuomba nisamehewe hiyo miaka miwili?

Inawezekana kuomba. Njia ya kawaida ni barua ya serikali ya Kenya kupitia ubalozi wake Washington kusema haina pingamizi, pamoja na fomu ya DS-3035. Aliyelipiwa na serikali ya Marekani asitegemee sana.

Lakini kuna mpangilio wa mambo ambao watu wanaukosea: msamaha ukishapendekezwa, mdhamini hawezi tena kuongeza muda wa programu yako. Aliyeharakisha kuomba msamaha mwaka wa mwisho wa chuo anaweza kuupata, akakuta amejifungia mafunzo yake mwenyewe. Zungumza na ofisa wako kwanza, mafunzo yaidhinishwe kwa muda wote unaoutaka, kisha ndipo ufikirie msamaha.

Nikirudi nyumbani, mafunzo haya yatatambuliwa?

Digrii inatambuliwa kwa kupelekwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na ni vyema kuanza mapema, kwa sababu waajiri wa serikali, kaunti zikiwemo, wanaweza kuidai hati hiyo. Mafunzo hayana hati ya aina hiyo. Thamani yake iko kwenye karatasi utakazobeba. Kabla ya kuondoka, chukua kwa msimamizi barua yenye nembo ya kampuni, inayotaja tarehe, majukumu na miradi uliyoshiriki, na si "alikuwa mfanyakazi mzuri" peke yake. Chukua nakala ya ruhusa ya mdhamini, DS-2019 zote ulizowahi kupewa, fomu za W-2 za mwajiri zinazoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa, na hesabu za kodi za kila mwaka. Wahandisi wawe makini zaidi, maana Bodi ya Wahandisi ya Kenya huangalia uzoefu wa kazi kabla ya kumsajili mtu kuwa mhandisi kamili, na msimamizi aliyehama kampuni miaka mitatu baadaye si rahisi kumpata akuandikie. Piga picha za karatasi zote na uzihifadhi mahali pawili, moja ikiwa nje ya simu yako.